Andikeni Bei

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za mchana. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie mambo matatu: bei, risiti na kurudisha bidhaa yenye kasoro. Naanza na bei kwa sababu ndiyo inayoniumiza.

Januari, msimu wa sare za shule, nilikuwa kwenye fremu moja Mtaa wa Kongo, hapa Kariakoo, nasubiri mzigo wangu ufungwe. Akaingia mama na binti yake anayekwenda kuanza kidato cha kwanza. Akashika sketi, akauliza, "Baba, hii shilingi ngapi?" Kijana muuzaji hata hakuitazama ile sketi. Alitazama viatu vya yule mama, akatazama simu yake, akatazama na kiroba alichobeba, ndipo akajibu: "Kwani wewe una ngapi, mama?"

Jamani! Mtu kauliza bei ya sketi, anaulizwa kilichomo kwenye pochi yake, tena mbele ya mwanawe! Mama akanyamaza. Kijana akataja 35,000. Mama akasema, "Nipunguzie mwanangu," kwa sauti ya kuomba kabisa. Wakafika 28,000, akalipa, akatoka anashukuru. Hajavuka hata barabara, akaingia dada mmoja mwenyeji. Huyu hakuuliza kitu. Alisema tu, "Kumi na nane, nifungie mbili." Akafungiwa. Sketi zilezile, rafu ileile. Nikamuuliza kijana, vipi tena? Akanijibu, "Biashara maneno, mzee."

Hapana! Ile 10,000 ya tofauti ilikuwa madaftari ya yule binti. Imekwenda kwa sababu mama yake hakuwa na mtu wa kumnong'oneza bei ya mjini.

Najua mtasema kupatana ni desturi yetu. Nani kaikataa? Andika 25,000, anayetaka kupunguziwa aombe, mcheke, mpatane. Lakini kupatana ni kwa watu wawili wanaojua wanachopatana. Mmoja akiwa anajua bei ya jumla, bei ya jirani na bei ya mwisho, mwenzake hajui hata pa kuanzia, hapo mnapatana nini? Anayepigwa kila siku ni mgeni, ni mzee, ni msichana mwenye haya, ni kiziwi asiyeweza kubishana na wewe. Na wapo wengi ambao hawaingii dukani kabisa. Wanapita, wanatamani, wanaogopa kuuliza, wanakwenda supamaketi. Hao hamuwahesabu, kwa sababu hamkuwaona.

Wengine husema bei ya kuandikwa ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1673, Mitsui Takatoshi alifungua duka la vitambaa Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Wenzake walikuwa wakipatana na kila mteja na kukopesha. Yeye akaweka bei moja kwa wote, fedha taslimu. Duka likakua mpaka likawapita waliomcheka. Huyo alikuwa Mzungu?

Mwingine ataniambia dola inapanda na kushuka, atabadilisha vibandiko mara ngapi? Nendeni kituo chochote cha mafuta. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo kila mwezi, bei inabadilika, na bango linasomeka hata ukiwa ndani ya daladala. Petroli imewezekana, sketi inashindikana vipi?

Na ninyi wenye maduka, hii ni kinga yenu pia. Winga, yule dalali wa mtaani, anakuletea mteja, anaongeza cha juu anachotaka, wewe unapata chako kilekile. Mteja akigundua kapigwa, analitukana duka lako, si winga. Bei ingekuwa imebandikwa, angeongeza wapi? Wanaouza mtandaoni na kuandika "bei njoo inbox" nao wasidhani wamesalimika, ni yuleyule kijana wa Mtaa wa Kongo, sasa anakagua picha zako badala ya viatu.

Risiti, niseme moja tu. Tumeambiwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na ni sawa. Lakini risiti inakuja pesa ikishatoka. Mteja anataka kujua kabla.

La kurudisha bidhaa litasubiri, mwenyekiti ananionyesha saa. Vibandiko na kalamu viko mezani kwa katibu, havilipiwi. Chukueni vya rafu moja tu, ile ya mbele, mwanze nayo leo kabla hamjafunga.