Kicheko na Sitara: Mhadhara juu ya Filamu ya "Juno"

Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Ahsanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka Bububu na Mwera kwa gari za saa hizi, na nyinyi wazee mlioziacha baraza zenu. Nimeambiwa nisizidishe nusu saa, maana baada ya isha kuna watu wa taarab wanautaka ukumbi kwa mazoezi. Mimi na mpiga fidla sigombani.

Jana usiku tuliiona filamu pamoja. Leo nimeombwa niizungumze. Nitaanzia jikoni kwetu, kwa maneno ambayo kila mwari wa visiwa hivi ameshayasikia: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Bibi zetu waliyasema huku wakijua kwamba kazi zote mbili ni za mtu mmoja. Filamu hii imezitenganisha. Mimba inalelewa na msichana wa miaka 16 huko Minnesota, Marekani. Mwana atalelewa na mwanamke ambaye msichana huyo amemwona kwanza kwenye tangazo la gazeti.

Kwa waliochelewa jana, na nawajua, mlikuwa Forodhani mnakula urojo: filamu inaitwa "Juno", ilitoka 2007. Mwongozaji ni Jason Reitman, mwandishi ni Diablo Cody, na maandishi hayo yakampatia tuzo ya Oscar mwaka 2008. Ilitengenezwa kwa pesa chini ya dola milioni 10, ikaingiza zaidi ya milioni 200. Kwa mizani ya Hollywood hiyo ni biashara ya kuuza maandazi ukarudi na nyumba ya ghorofa. Msichana, ndiye Juno mwenyewe, anayeigizwa na Elliot Page, ameshika mimba ya rafiki yake wa skuli, kijana mwembamba mkimbiaji wa mbio, anayependa vidonge vya peremende. Anafikiria kuitoa, anafika mpaka kliniki, anageuka. Kisha anatafuta watu wa kumpa mtoto: Vanessa na mumewe Mark, nyumba safi, kila kitu mahali pake. Mambo yanakwenda kwa majira manne, kutoka majani yanapopukutika mpaka kiangazi, na tumbo linakua huku sisi tunacheka.

Hapo kwenye kucheka ndipo ninapotaka kukaa.

Mara ya kwanza niliionesha filamu hii Chake Chake, nyumbani kwa shangazi yangu, kwa wanawake kama kumi na tano na kompyuta moja. Waliokuwa wakubwa kuliko mimi wanazikumbuka siku za zanana pale Majestic na Empire, majumba ya senema ya mjini, siku za wanawake peke yao kutazama senema za Kihindi, wakilia mpaka leso zinarowa. Kwa hiyo si watu wa kuchezewa kwa senema. Mimi nilikuwa mtafsiri, nimekaa kwenye mkeka pembeni ya kompyuta, nikipaaza sauti. Kazi ilinishinda ndani ya dakika tano. Yule msichana anazungumza lugha ya vijana, maneno yanapinda kama samaki mkononi, na mimi nasema tu, "Anatania, anatania." Shangazi akaniambia, "Nyamaza, uso wake tunauona."

Walicheka simu iliyotengenezwa kama mkate wa nyama. Walicheka msichana anavyokunywa galoni zima la maji ya matunda ili apate mkojo wa kupimia. Lakini lilipofika tangazo la gazeti, chumba kizima kimya. Mmoja akauliza, "Gazetini? Kama wanaouza gari?" Nikamwambia ndiyo, kwao yapo. Akavuta kanga yake, akasema, "Basi na wasome."

Mimba wala haikuwashtua. Mimba za nje ya ndoa wanazijua, wamezishika kwa mikono yao. Lililowashtua ni kwamba mtoto anatoka kwenye ukoo kwa karatasi, kwa wakili na saini, anakwenda kwa watu ambao hata chai hawajanywa nao.

Sasa tazameni kicheko kinamwangukia nani. Katika vichekesho vyetu tunavyoviuza Darajani, msichana mwenye mimba anaingia na mto ndani ya dera, mama anazimia, baba anatafuta bakora, na ukumbi unamcheka msichana. Amekuja ili achekwe. Hapa, Juno anawakalisha baba yake na mama yake wa kambo sebuleni, anawaambia. Akishaondoka, wazee wanabaki kukiri kwamba walitarajia mengine: labda kafukuzwa skuli, labda dawa za kulevya, labda kakamatwa anaendesha gari kalewa. Tunawacheka wao, wazee, kwa jinsi walivyojiandaa kwa kila balaa isipokuwa ile iliyokuja. Msichana hajaguswa.

Kuna pahala jana mlipiga makofi, na Chake pia walipiga. Wapo chumba cha altrasaundi: Juno kalala, tumbo wazi, rafiki yake na mama wa kambo wamesimama kando. Mpigaji picha anasikia kwamba mtoto atapewa watu wengine, anasema afadhali, maana wasichana wadogo wanaokuja pale na matumbo hawafai kulea. Mama wa kambo hanyamazi. Anamuuliza kazi yake nini hasa, kisha anamwambia kwamba yeye naye ni fundi, wa kucha, basi kila mmoja wao na ashike anachokijua.

Fundi wa kucha! Na ni mama wa kambo! Sisi tumelelewa na hadithi ambazo mama wa kambo anampeleka mtoto kisimani usiku na kumnyima hata ukoko. Hapa ndiye anayesimama mlangoni. Angeweza kuona muhali, kuona haya kumkatalia mtu. Mgeni kavaa koti la hospitali, mwenye heshima zake, na wewe na aibu yako umekuja kwake. Watu wangapi tungemezea? Muhali wetu tunaujua. Ndio unaozika kesi za watoto kabla hazijafika mahakamani, wazee wa pande mbili wanakaa, suluhu, na anayeumia ni yule aliyeko chumbani.

Tunalo neno zuri sana katika lugha yetu, na dini imelitia nguvu: sitara. Lakini tumelichanganya na kuficha. Anayefichwa hupelekwa shamba kwa bibi mpaka ajifungue, anatolewa skuli, jina lake halitajwi. Anayesitiriwa yumo ndani na watu wake wamemzunguka, na anayetaka kumtupia neno lazima apite kwao kwanza. Juno anakwenda skuli na tumbo lake, anatazamwa kwenye korido, wanafunzi wanampisha kama anayebeba maji ya moto. Anajitania kwa kujiita nyangumi. Akirudi nyumbani kuna mtu wa kumtengenezea chakula. Mimi hiyo naiita sitara, ijapokuwa wenyewe huko hawana neno lake.

Na sisi, sheria zetu zimewahi kutembea upande mwingine. Mwaka 1985 Zanzibar ilikuwa na sheria ambayo mwanamke asiye na mume akishika mimba aliweza kufungwa jela. Mwaka 2005 ikabadilishwa, jela ikaondoshwa, ikaja kazi ya kuitumikia jamii. Kuhusu skuli, hapa visiwani mzazi mdogo aliruhusiwa kurudi darasani mapema zaidi kuliko wenzetu wa Bara, ambao mlango wao ulifunguliwa rasmi Novemba 2021. Kuruhusiwa ni jambo moja. Kurudi darasani ambako maalim anakuita "mama fulani" mbele ya wenzako ni jambo jingine, na hilo haliandikwi kwenye waraka.

Nije kwenye kulea. Kiswahili kina "kuasili", neno la mahakamani: mtoto anakuwa wako, anachukua jina lako, anarithi. Kina pia "kulea", neno la nyumbani. Sheikh wangu aliyekaa pale mbele atanisahihisha: Surat al-Ahzab inaamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na kisa cha Zayd bin Haritha, mtoto wa kulea wa Mtume, tunakijua tangu chuoni. Kwa Waislamu mlango wetu ni kafala: unamlea, unamlisha, unamsomesha, nasaba yake huigusi. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa 1989, umeitaja kafala kwa jina lake katika kifungu cha 20, pembeni ya kuasili. Kwa hiyo alichokifanya Vanessa, kwetu hakiwezekani kwa sura ile. Alichokitaka Vanessa, kulea, kimejaa kila mtaa. Nani hapa hana mtoto wa ndugu nyumbani kwake?

Mtu wa filamu hii kwangu ni Vanessa. Mwanzo tunamcheka, anavyopanga mito, anavyochagua rangi ya chumba cha mtoto kama waziri anayechagua balozi. Halafu anakutana na Juno madukani. Mtoto anacheza tumboni, Vanessa anataka kuguswa na mateke yale, anaweka mkono, hasikii kitu. Juno anamwambia azungumze na mtoto. Mwanamke yule aliyenyooka anapiga magoti katikati ya watu na mifuko yao, anaanza kuzungumza na tumbo la mtoto wa watu, kwa sauti ndogo. Chake, hapo hakuna aliyetafuta tafsiri. Wawili kati ya wale wanawake hawakujaaliwa watoto, na kila mtu chumbani alitazama mkeka.

Mumewe, Mark, nyinyi wazazi wa wasichana, mtazameni tena. Mtu mzima, mcheshi, ana gitaa na senema za kutisha, anamkaribisha binti wa miaka 16 chini kwenye chumba chake. Filamu inatuacha tumpende, kisha siku moja anacheza naye muziki wa polepole na kumwambia anamwacha mkewe. Hapo kicheko kinakatika, na mwongozaji hakosei: hakuweka mzaha hata mmoja wa kutuokoa.

Nina lawama yangu. Yule kijana aliyempa Juno mimba kapona kirahisi mno. Anakimbia mbio zake, anapewa mapenzi yake mwisho, wanakaa kwenye ngazi na magitaa. Hapa kwetu baba angekwisha fika polisi. Na uzazi wenyewe umepita haraka, kama umeme wa Pemba zamani, uliwaka ukazimika.

Ila kuna swali ambalo bibi mmoja aliliuliza Chake, filamu ilipokwisha, watu wanavaa viatu. "Na yule mtoto ataambiwa?" Sikuwa na jibu, maana filamu haina.

Nikalikumbuka jambo la kwetu Wete. Binti alizaliwa, mama yake mdogo, skuli bado. Babu na bibi wakamchukua wakamfanya mtoto wao wa mwisho. Mama yake akamwita "mdogo wangu". Akalelewa vizuri, Mungu shahidi, hakukosa kitu. Sisi wadogo tulijua bila kuambiwa, kwa namna wakubwa walivyonyamaza akiingia. Akafika wakati wa kuolewa. Babu, mcha Mungu, wiki moja kabla ya nikaha akaenda kwa kadhi peke yake, kwa sababu aliogopa kukaa kama walii, msimamizi wa kumwozesha, wa mtu ambaye hakuwa na uwalii naye, ndoa isije ikaharibika. Siku ya siku, kadhi ndiye akawa walii. Bibi harusi yumo ndani, hina haijakauka vizuri, akamsikia shahidi akimtaja kadhi kuwa ndiye walii. Akauliza, "Kwani baba yupo wapi?" Huyo babu aliyemjua kama baba alikuwa pale pale ukumbini, anagawa kahawa.

Yule aliyemwita mdogo wake ndiye aliyekwenda kumfungia mlango na kukaa naye. Walitoka baada ya saa nzima. Walichozungumza hatukukijua, na harusi ikaendelea.

Nusu saa yangu imekwisha, naona mpiga fidla kashafika. Bi mkubwa pale nyuma, mwenye mtandio wa kijani, umenyanyua mkono tangu nilipomtaja mama wa kambo. Mpelekeeni kipaza sauti.