Kamera Haioni Chembe: Mhadhara kuhusu Chembe za Nano Zenye Mionzi

Mabibi na mabwana,

Nianze na jambo ambalo wanafunzi wangu hulisahau kila mwaka: kamera ya gama, yaani ile inayonasa mionzi inayotoka mwilini, haioni chembe ya nano, kipande kidogo mno kinachopimwa kwa nanomita (sehemu za milioni za milimita). Inachokiona ni mionzi ya atomi tulizozifunga kwenye chembe hiyo. Maadamu viwili hivi vingali pamoja, picha husema kweli; vikitengana, picha huendelea kung'aa vilevile, ila inaeleza safari ya kitu kingine.

Chembe zenyewe si ngeni hospitalini. Chembe ndogo za albumini, protini ya damu, zilizofungwa atomi zenye mionzi za teknesi-99m hudungwa karibu na uvimbe wa titi, zikafuata mishipa ya limfu hadi kwenye tezi ya kwanza inayopokea limfu kutoka kwenye uvimbe, na daktari wa upasuaji akiongozwa na kipima mionzi huitoa tezi hiyo ili ichunguzwe, badala ya kuondoa tezi zote za kwapani bila kujua kama kuna haja. Teknesi hii hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, na kwa kazi hiyo muda huo unatosha kabisa.

Hautoshi kwa chembe iliyovishwa polima ili kinga ya mwili isiitambue upesi, kwa kuwa chembe ya namna hiyo huweza kuzunguka katika damu siku nzima au zaidi. Hapo tunachagua atomi nyingine yenye mionzi, zirikoni-89, ambayo nusu-maisha yake, yaani muda wa mionzi kupungua kwa nusu, ni siku 3.3 hivi. Lakini zirikoni ikichomoka katika molekuli iliyoishika, hukimbilia mifupani, na msomaji asiye mwangalifu ataandika kwamba chembe zimefika kwenye mifupa. Ndiyo maana, kabla ya kudunga chochote, tunaiacha chembe katika maji ya damu yenye nyuzi joto 37 kwa siku kadhaa, kisha tunapima ni kiasi gani cha mionzi bado kimeshikamana nayo. Ni kazi ya kuchosha, nami sijaona njia ya kuikwepa.

Ukubwa nao una sheria zake. Chembe iliyo chini ya nanomita 6 hivi huchujwa na figo ikatoka na mkojo, ilhali kubwa zaidi humezwa na seli za ini na wengu. Mwaka 1986 watafiti wa Japani, Matsumura na Maeda, walionyesha kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, hivyo molekuli kubwa hupenya na kubaki humo, na matumaini mengi yakajengwa juu ya uvujaji huo. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2016, iliyopitia majaribio ya miaka 10 kwa wanyama, ilikuta kwamba kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya kipimo kilichodungwa inayofika kwenye uvimbe. Kwa maoni yangu hapa ndipo picha inapostahili gharama yake, kwa sababu uvimbe hutofautiana sana katika kuvuja, na ni afadhali kujua mapema ni mgonjwa gani ambaye ini lake litachomwa bure.

Tukija kwenye tiba, atomi ya luteti-177 hutoa miale ya beta, yaani elektroni za kasi, inayosafiri milimita 2 hivi kwa umbali mkubwa kabisa, pamoja na gama kidogo inayoturuhusu kupiga picha. Aktini-225 ni kali zaidi: katika mfululizo wa kuoza kwake hutoka alfa 4, yaani vipande vizito vya kiini cha atomi, na kila moja huishia ndani ya sehemu ya kumi ya milimita. Ila alfa ya kwanza inapotoka, atomi iliyobaki husukumwa nyuma kwa nguvu inayozidi maelfu ya mara ile ya vifungo vya kikemia, nayo hujinasua katika molekuli yoyote. Atomi inayozaliwa baadaye katika mfululizo huo, bismuti-213, huweza kujikusanya kwenye figo. Kwa hiyo baadhi ya watafiti huificha aktini katikati ya chembe, ndani ya tabaka za madini na dhahabu, ili atomi inayosukumwa igote humo humo. Hufaulu kwa sehemu tu, kwani kadiri tabaka zinavyoongezwa ndivyo chembe inavyonenepa na kuwahi kumezwa na ini.