Si kila ukucha mbovu ni fangasi

Haya jamani, naanza na lile lile langu, aliyeshalisikia anivumilie: si kila ukucha mbovu ni fangasi! Mtu ukucha wa mguu umekuwa mnene, umegeuka njano, unamong'onyoka, hajapimwa popote, tayari kashaanza vidonge. Fangasi ni kama nusu tu ya matatizo ya kucha. Huko kwengine kuna soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa magamba, kuna kiatu kinachobana kidole kutwa nzima, na kwa macho vyote vinafanana. Hata kwenye ile orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la ICD-10, magonjwa ya kucha yako kundi la L60, ukucha unaozama nyamani umo, ukucha uliobanduka umo, fangasi hawamo! Wamepelekwa kundi la B35, kwenye maambukizi, pamoja na mapunye.

Najua kuna mtu anasema moyoni, sasa nikijaribu vidonge kuna ubaya gani? Terbinafini, vidonge vya fangasi, kwa kucha za miguu ni wiki 12, kila siku, na mara chache huumiza ini. Miezi mitatu unameza dawa ya ugonjwa ambao huna, ya nini? Kupima kwenyewe kazi ndogo tu, wanakata kipande, wanakwangua ule ungaunga wa chini, wachimbe mpaka karibu na pale ukucha mzima unapoanzia maana huko ndiko fangasi walio hai, halafu hadubini. Ila uwe hujaanza dawa, la sivyo majibu yatakudanganya. Na ukikutwa nao kweli, ukucha wa dole gumba la mguu unachukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota wote upya, kwahiyo mwezi wa pili usiseme dawa haifanyi kazi ukaacha.

Muda unakwisha na bado mistari myeusi. Kwa ngozi nyeusi mistari kwenye kucha kadhaa ni kawaida, sawa, sibishi. Lakini ukucha mmoja peke yake, mstari unapanuka, weusi umevuka mpaka kwenye ngozi, hapo nenda hospitali wiki hii hii. Bob Marley melanoma yake, yaani saratani ya ngozi, ilianzia chini ya ukucha wa mguu, ikagundulika 1977, 1981 akafariki na miaka 36 tu.

Habari ya mifereji ya kukingama kwenye kucha na ncha za vidole kuvimba tuiache siku nyingine. Ukucha wa mguu ukate umenyooka, pembeni usichimbe, na ile ngozi ya shinani mwa ukucha iacheni, ndiyo inayozuia vijidudu. Mwenye mstari wa hivyo nilivyosema abaki, tuutazame sasa hivi.