Kikonyo Kilichogeuka Kijishetani: Maneno ya Kale ya Kiingereza Kuhusu Kukua

SALUM: Karibuni tena kipindini. Leo tunachimba Kiingereza cha kale, yale maneno ya kuota, kuchipua na kuongezeka. Dada Rehema, tuanzie wapi?

REHEMA: Tuanze na "aftermath", kaka Salum. Nalipenda mno.

SALUM: Hilo mbona liko kwenye taarifa ya habari kila siku? Mafuriko, vita, tetemeko, kisha "aftermath".

REHEMA: Ndiyo, leo ni yale yanayobaki baada ya balaa. Lakini miaka ya 1500 lilikuwa neno la wafyeka majani. Hiyo "math" ya mwishoni haihusiani na hesabu, ni neno lao la kale la kufyeka. Wakulima wa Uingereza walifyeka nyasi wakati wa kiangazi, wakazianika ziwe hei ya kulishia ng'ombe majira ya baridi. Baada ya hapo nyasi zinaota upya, laini kabisa. Hayo maotea ndiyo "aftermath". Na kulikuwa na mbuga ambazo hei ikishatolewa, kuanzia tarehe 1 Agosti, sikukuu ya Lammas, zilifunguliwa, mifugo ya wanakijiji ikaingia kula.

SALUM: Kumbe ilikuwa neema!

REHEMA: Neema tupu. Inaniuma kwamba neno la malisho mabichi limebaki na harufu ya moshi wa vita.

SALUM: Hiyo Lammas iko hata kwenye miti. Mwaloni ukishatoa majani ya kwanza, na mengi yameliwa na viwavi, huchipua tena katikati ya kiangazi. Majani hayo ya pili huja na wekundu, unayatambua kirahisi juu ya yale ya kijani kilichokoza. Watu wa misitu huyaita "Lammas growth".

REHEMA: Haya, sasa "imp".

SALUM: Kijishetani kitukutu.

REHEMA: Hicho ni cha baadaye. Zamani "imp" ni chipukizi, na hasa kile kikonyo unachokata kwenye mti mzuri ukakibebesha kwenye shina la mti mwingine, kama tunavyobebesha miembe. Waliokuwa wakifuga vipanga wa kuwindia walilichukua pia: unyoya wa bawa ukivunjika, wanaunganisha kipande cha unyoya mwingine kwa kijisindano ndani ya kikonyo chake. Mpaka leo kazi hiyo inaitwa "imping".

SALUM: Na ikafikaje kwa shetani?

REHEMA: Kupitia watoto. Chipukizi la mti likawa chipukizi la ukoo, sawa na sisi tunavyomwita kijana chipukizi. Nenda kanisa la Mtakatifu Maria mjini Warwick, kuna kaburi la mtoto wa Robert Dudley, Earl wa Leicester. Alifariki mwaka 1584 akiwa bado mdogo sana, na kaburini ameandikwa "noble Impe". Wazazi wameandika kwa mapenzi yote! Lakini watu walikuwa wakisema pia "imp" wa shetani, yaani mtoto wake. Kidogo kidogo shetani akadondoka kwenye msemo, ubaya ukabaki kwa mtoto.

SALUM: Na "scion" je? Si kikonyo hicho hicho cha kubebesha?

REHEMA: Hicho hicho! Lenyewe likapanda ngazi. Ukiitwa "scion" leo, wewe ni mtoto wa familia kubwa. Hapo ndipo naposisitiza kwa wanafunzi: msimeze kamusi tu, ulizeni neno lilikuwa linafanya kazi gani shambani.

SALUM: Mimi nina "wax", kukua. Biblia ya Kiingereza ya 1611 inalitumia kwa Yohana Mbatizaji alipokuwa akiongezeka nguvu. Siku hizi limebakia zaidi kwa mwezi unaoelekea kupevuka.

REHEMA: Na "eke", kuongeza. Jina la kuongezea liliitwa "an ekename". Watu wakalitamka haraka, ile "n" ikahamia neno la pili, likawa "nickname".

SALUM: Kama sisi na kitabu! Kwa Waarabu ile "ki" ni sehemu ya neno lenyewe, sisi tukaiona kiambishi, tukapata vitabu.

REHEMA: Kabisa. Wasikilizaji, mkiwa na maneno ya aina hiyo kutoka kwenu, tuleteeni. Wiki ijayo ni zamu ya mavuno.