Hukumu Iko Wapi?

Ndugu wanasheria, na ninyi wanafunzi mliojibanza karibu na mlango, sogeeni, viti vipo. Walionisikia kabla wanajua nitaanza na Rayhan Asat. Wavumilie.

Huyu ni Mwuighur, yaani wa jamii ya Waislamu wa mkoa wa Xinjiang, kaskazini-magharibi mwa China, mzaliwa wa Urumqi, mji mkuu wa mkoa huo. Mwaka 2016 alikuwa anamaliza shahada ya uzamili ya sheria Harvard. Nduguye, Ekpar, mwanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la Bagdax, alikuja Marekani kwa mwaliko wa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, akaahidi kurudi na wazazi kwenye mahafali ya dada yake. Aliporejea China, akatoweka. Wazazi nao wakafuta safari.

Miaka karibu minne Rayhan alinyamaza. Alikuwa wakili katika kampuni kubwa, anashughulikia rushwa ya kimataifa, na kila akitaka kusema anawakumbuka wazazi walioko kule. Msimwite mwoga. Mwenye mama aliyebaki mikononi mwa serikali ndiye amhukumu. Januari 2020 ubalozi wa China mjini Washington ukawajibu maseneta waliokuwa wameuliza: Ekpar amefungwa miaka 15 kwa kuchochea chuki na ubaguzi wa kikabila. Basi. Hakuna hati ya mashtaka, hakuna jina la jaji, hakuna nakala ya hukumu. Mwaka huo ndipo dada yake akasema hadharani.

Sasa chukueni kalamu, maana hapa ndipo watu wanaponikatisha kwa kunipigia siasa. Kanuni ya adhabu ya China, kifungu cha 249, ndicho kinachohusu kosa hilo. Adhabu yake ya juu, hali ikiwa mbaya kabisa, ni miaka 10. Kumi! Mtu kapewa 15. Utaniambia, Mwalimu, pengine kulikuwa na kosa la pili. Sawa, litajwe! Sheria yao ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka hukumu isomwe hadharani hata kama kesi ilisikilizwa faragha. Siwapimi kwa katiba yangu wala kwa mkataba wa Geneva. Nawapima kwa kitabu walichoandika wenyewe. Wakili asiye na mteja wa kumtembelea wala mahakama ya kuingia amebakiwa na swali hilo, na Rayhan amelishikilia.

Najua kuna anayejiandaa kusimama: “Na Guantanamo je?” Kaa, nakuja huko. Wauighur 22 walifungwa Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani kule Cuba. Oktoba 2008 jaji wa Washington akaamuru 17 waliokuwa bado wamebaki waachiwe ndani ya Marekani. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikatengua amri hiyo, na watatu wa mwisho hawakutoka mpaka Desemba 2013. Ni aibu, wala sitaipaka rangi. Lakini jalada lipo. Jina la jaji lipo, hoja za mawakili zipo, na uamuzi ule wa rufani naweza kuusoma mstari kwa mstari nikauponda. Wa Ekpar nitauponda vipi, na sijauona?

Muda umenitupa mkono. Nilitaka nimseme kwa kirefu Nury Turkel, aliyezaliwa Kashgar, mji wa Xinjiang, mwaka 1970 mama yake akiwa kizuizini, akaja kuwa wakili Marekani na mmoja wa waanzilishi wa Mradi wa Haki za Binadamu za Wauighur. Desemba 2021 China ikamwekea vikwazo. Mwezi huohuo Marekani ikapitisha sheria ya kuzuia bidhaa za kazi ya kulazimishwa: kitu kikitoka Xinjiang kinahesabiwa kimetokana na kazi hiyo mpaka mwagizaji athibitishe vinginevyo. Wanafunzi wa ushahidi, hilo lisomeni nyumbani, ni tamu.

Na hili moja, mwenyekiti, nipe dakika. Oktoba 2022 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kama lijadili ripoti ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja huo kuhusu Xinjiang. Kujadili tu, si kulaani! Waliokataa 19, waliokubali 17, wasiopiga upande wowote 11. Katika wajumbe wote wa Afrika, aliyekubali ni Somalia peke yake. Haya, yule aliyetaka kuniuliza Guantanamo, simama.