Majina ya Watoto: Utafiti Katika Shule ya Ugenini Wakati wa Machafuko

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi, na ninyi walimu tarajali mliojaa ukumbini hapa Tanga katika joto hili la mchana, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie maisha ya mtafiti katika shule ya kijijini, katika nchi ya watu, siasa inapochafuka. Nitashika jambo moja tu, nalo ni majina ya watoto: nani anayaandika, kwa ajili ya nini, na usiku yanalala wapi.

Mwishoni mwa mwaka 2007 nilikuwa nikiishi katika nyumba za walimu za shule moja ya msingi ya Bonde la Ufa, Kenya, si mbali na Eldoret, nikichunguza jinsi watoto wa lugha mbalimbali wanavyojifunza kusoma Kiswahili. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba, matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, na jioni hiyohiyo Rais Kibaki akaapishwa huku upande wa Raila Odinga ukiyakataa matokeo. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, nasi kijijini tukabaki na simu za mkononi, ambazo zilileta ujumbe wa kuonya na ujumbe wa kuchochea kwa pamoja, hadi vocha zikaadimika madukani. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza machafuko yaliyofuata, ilihesabu baadaye watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walihama makwao. Chanzo hakikuwa kura peke yake. Migogoro ya ardhi ya Bonde la Ufa ina mizizi katika enzi za mkoloni, na mapigano yalikwishazuka huko katika chaguzi za mwaka 1992 na 1997.

Sasa tazameni dodoso langu. Ukurasa wa kwanza uliuliza jina kamili la mtoto, lugha ya nyumbani, mahali alipozaliwa baba yake na umbali kutoka nyumbani hadi shuleni. Ni maswali ya kawaida kabisa. Wenyeji wa Korogwe na Muheza, waliozoeana na watafiti wa malaria kwa miaka mingi, watayatambua mara moja. Lakini Januari ile, vijana waliofunga barabara kwa magogo na mawe walikuwa wakidai vitambulisho ili walijue kabila la msafiri kwa jina lake. Fomu zangu, zilizopangwa vizuri ndani ya bahasha, zilikuwa zimekwisha kuwa orodha ya nyumba kwa nyumba ya nani ni nani pale kijijini. Nilikaa na mwalimu mkuu tukakubaliana, na kurasa zote za kwanza tukazichoma katika jiko la shule, majibu ya kusoma yakabaki na namba tu. Kwa hiyo sikuweza tena kulinganisha usomaji wa mtoto na lugha ya kwao, jambo ambalo lilikuwa kiini cha utafiti wenyewe. Naamini hadi leo kwamba ilikuwa bei ya halali.

Shule ilipofunguliwa, madawati mengi yalikuwa matupu, na baadhi ya walimu walikuwa wameomba uhamisho au wamekimbilia kambi ya uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Mwalimu wa darasa la sita, mama wa makamo, aliendelea kuita majina yote kila asubuhi, ya waliopo na ya waliokimbia, na asiyeitika alimwekea alama ya penseli. Nilimwuliza kwa nini hatumii wino. “Mwalimu,” akanijibu, “huyu nikimkata kwa wino, akirudi atajiona mgeni.” Jioni alikifunga kitabu kile cha mahudhurio ndani ya kanga na kwenda nacho nyumbani kwake. Yeye alistahili kuyatunza majina yale, kwa kuwa angebaki pale na kuwajibika kwa wazazi. Mimi nilikuwa na pasipoti ya Tanzania, na ndugu zangu walinipigia kila walipopata laini wakinisihi nirudi.

Majirani waliniuliza mara nyingi kama Mzee Mkapa, aliyekuwa akisuluhisha pamoja na Kofi Annan na Mama Graça Machel, angefanikiwa. Makubaliano yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, Rais Kikwete akiwapo. Kipindi hicho mwenzangu mmoja wa chuo aliniomba nikusanye masimulizi ya watoto kuhusu waliyoyaona. Nilikataa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukaa na mtoto baada ya mimi kufunga daftari.

Ninyi mtakaokwenda kufanya utafiti, ndani au nje ya nchi, tenganisheni majina na majibu tangu siku ya kwanza, hata kukiwa na amani, na orodha ya kuyaunganisha ibaki kwa msimamizi wenu huku nyumbani. Wazazi waelezwe, kwa lugha wanayoielewa, ni kipi kinachoandikwa na kitahifadhiwa wapi. Nimekuja na nakala za fomu ninayoitumia sasa, isiyo na nafasi ya jina. Baada ya maswali yenu nitaziacha kwa mkufunzi wenu wa utafiti.