Kuandikwa si Kulindwa: Nyumba za Udongo za Tucson

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Unguja, Pemba, bara na kokote mliko. Hebu utazameni ukuta huu. Ngoja nisogeze kamera. Hapa pembeni lipu imebanduka, na ndani mnaona nini? Udongo mtupu, umechanganywa na majani makavu, umefyatuliwa tofali ukaanikwa juani, wala haukupita kwenye tanuri. Matofali haya huku wanayaita adobe. Unene wa ukuta unakaribia nusu mita, na nyumba imeshapita miaka mia. Nipo Tucson, kusini mwa Arizona, jimbo la jangwa linalopakana na Meksiko, na mtaa huu ni Barrio Viejo.

Kiangazi cha hapa joto huvuka digrii 40, na kuta hizi zilijengwa kwa ajili hiyo: jua linazipiga mchana kutwa lakini joto huchelewa sana kufika ndani. Tazameni na njia yenyewe. Nyumba zimeshikana, hazina baraza wala ua wa mbele, mlango ukifunguka umeshatokea njiani. Mapaa bapa, na juu kule mnaona milizamu imetokeza nje ya ukuta ili maji ya mvua yatupwe mbali. Mtu wa Mkunazini au Malindi ya Mji Mkongwe wetu hapa hahitaji kuelekezwa, macho yake yanajua anachokiona.

Mtaa huu uliandikwa mwaka 1978 kwenye Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, kwa jina la Barrio Libre. Na hapo ndipo penye neno langu la leo. Sisi nyumbani jengo likishapewa hadhi huwa tunapumua, tunasema alhamdulillahi, hilo limepona. Sasa nifuateni niwaonyeshe kilichopona hapa kimeponaje, maana si kwa karatasi peke yake.

Tumesogea kidogo tu kaskazini. Lile jengo kubwa la zege ni ukumbi wa mikutano wa mji, ulifunguliwa mwaka 1971. Chini yake na pembezoni mwake kulikuwa na mitaa kama ile tuliyotoka sasa hivi. Walikaa Wameksiko kwa wingi, na pamoja nao Wachina, Wamarekani weusi, na Watohono O'odham, ambao ndio wenyeji wa jangwa hili. Mwezi wa tatu mwaka 1966 wapiga kura wa Tucson waliidhinisha mpango wa kile walichokiita kuufanya upya mji. Takriban ekari 80 zikasafishwa. Mabuldoza yalipita kwenye maduka, nyumba na kumbi za starehe, na watu wakatawanywa. Linaloniuma zaidi ni hili: mwezi wa kumi mwaka huo huo, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kuhifadhi mambo ya kale, ile iliyoianzisha Orodha ya Taifa. Sheria ilikuwapo, na mtaa ukavunjwa nayo ikiwapo.

Katikati ya zege hilo imebaki nyumba moja, hii hapa ya udongo, ya familia ya Sosa na Carrillo. Ni ya karne ya 19, na iliandikwa mwaka 1971. Leo ni makumbusho ya Wameksiko wa Marekani. Imesimama peke yake, jirani hana.

Nieleze kidogo sheria yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu hata wenyeji wengi hapa hawaielewi. Jengo likiandikwa kwenye Orodha ya Taifa, kinachobanwa ni serikali kuu. Mradi wowote unaotumia fedha zake au kibali chake ni lazima kwanza uangaliwe utaathiri nini, na wahusika wasikilizwe. Hata hapo, kusikilizwa si kukatazwa. Mwenye nyumba anayetumia fedha zake mwenyewe hazuiwi na orodha hiyo: akitaka kuvunja kesho, avunje. Kinachoweza kumzuia ni sheria ndogo za mji. Tucson iliweka kanda zake za hifadhi tangu mwaka 1972, na ndani ya kanda hizo hubadilishi sura ya nje ya nyumba bila ya michoro yako kupitiwa kwanza.

Lakini mwaka 2006 wapiga kura wa Arizona walipitisha sheria nyingine, Pendekezo namba 207. Inasema serikali ikiweka kanuni mpya ya matumizi ya ardhi, na mali yako ikashuka thamani kwa sababu hiyo, una haki ya kudai fidia. Basi miji ikashikwa na woga. Kule Phoenix, mji mkuu wa Arizona, kabla ya kuliwekea jengo ulinzi mpya wa mji, humtaka mwenye mali asaini kuwa hatadai. Asiposaini, mambo husimama. Mimi hilo naliona ni pigo kubwa. Faida ipo, sikatai: anayekarabati jengo la biashara lililoandikwa, akafuata masharti, hupata nafuu ya kodi ya serikali kuu sawa na asilimia 20 ya gharama za ukarabati. Ila nafuu ya kodi humsaidia aliyekwisha kuamua kuhifadhi. Aliyeamua kuvunja haimgusi.

Sasa njooni huku Main Avenue, hapa ndipo nilipotaka tufike. Huu ukuta wa udongo uliokunjwa pande tatu, mweusi kwa moshi, unaitwa El Tiradito. Hauna paa, hauna mlango. Masimulizi ya hapa yanasema kuna kijana aliyeuawa kwa sababu ya mapenzi ya haramu, kwenye miaka ya 1870, akazikwa palepale alipoanguka kwa kuwa makaburini hakukubaliwa. Watu wakaanza kumwashia mishumaa, na husemwa kuwa mshumaa ukiwaka hadi asubuhi haja yako imekubaliwa. Sisi imani yetu ni nyingine na sitaki kuingia huko. Nataka muone nta hii iliyoganda chini tabaka juu ya tabaka, ya zamani imeshakuwa kijivu, ya juu bado nyeupe. Watu wanakuja hadi leo.

Baada ya mitaa ile kuvunjwa, ukaja mpango wa barabara kubwa ya magari ya kasi ambayo ingepasua sehemu iliyobaki. Wakaazi wakatafuta pa kushika, wakashika hapa. Mwaka 1971 El Tiradito ikaandikwa kwenye Orodha ya Taifa, na barabara ile haikujengwa. Mnaona? Barabara ilikuwa ya fedha za serikali, na orodha huibana serikali. Wale wakaazi waliijua sheria inauma wapi, wakaitumia hapohapo. Bila wao, ukuta huu ungeandikwa na nani?

Na nisiwafiche la pili. Nyumba za Barrio Viejo zimepona, ila sasa bei zake ziko juu sana, na wajukuu wa wengi waliokuwa wakikaa humu hawawezi kuzinunua. Ukarabati ni mzuri, rangi zinapendeza, na njia wakati huu wa jioni haina mtoto hata mmoja anayecheza. Hilo hakuna kanda ya hifadhi inayolishughulikia.

La mwisho ni la mafundi, na nawaombeni sana msikilize. Kama kilomita 15 kusini mwa hapa, kwenye ardhi ya Watohono O'odham, lipo kanisa la San Xavier del Bac. Lilijengwa kati ya mwaka 1783 na 1797, na lina hadhi ya juu kabisa ya kitaifa tangu 1960. Hadhi hiyo haikulikinga na saruji. Mafundi wa karne ya 20 walipiga lipu ya saruji juu ya kuta za kale kwa nia njema kabisa, wakidhani wanaziimarisha. Saruji haipumui. Maji yaliyopenya kwenye nyufa yakakosa pa kutokea, yakarudi ndani, yakaanza kuula ukuta na michoro iliyomo. Ikabidi saruji ibanduliwe, kuta zipigwe upya chokaa na mchanga vilivyochanganywa na maji ya mpungate, huu mmea wa miiba uliojaa kila mahali hapa. Matawi yake hutoa ute kama wa bamia, na ute huo huifanya chokaa ishike vizuri na kuyasukuma maji ya mvua. Elimu ya kale hiyo, imerudishwa kazini.

Mji Mkongwe nimekulia kwenye kuta za mawe na chokaa, na nimeona saruji ikipigwa juu yake, na chini ya mwaka lipu imevimba na kupukutika chumvi. UNESCO walituandika mwaka 2000. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ikaanguka na kuua watu wawili, jengo likiwa ndani ya urithi wa dunia, tena katikati ya ukarabati. Allah awarehemu. Kila nikipita San Xavier huwaza nani nyumbani anaandika majina ya mafundi chokaa waliobaki, na nani anawapelekea vijana wa kujifunza. Hapa, michoro ya ndani iliposafishwa miaka ya 1990, wataalamu waliotoka Ulaya waliwafundisha vijana wa Kitohono O'odham kazi hiyo, watu wa ardhi ileile.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mafundi wenyewe, au wewe mwenye baba au babu aliyewahi kuroweka chokaa shimoni Unguja, Lamu au Mombasa. Niambie mliiroweka muda gani kabla ya kuitumia, mlichanganya na nini, na kwa kipimo gani. Kama fundi yu hai, mrekodi kwa simu yako, hata dakika tano, mikono yake ionekane ikifanya kazi, kisha nitumie. Nitaziunganisha zote kwenye video ijayo na kuzionyesha kwa mafundi wa huku, wala jina la fundi sitaliacha. Assalaam alaykum.